Dawa za mitishamba nyumbani Dodoma: mwongozo kamili wa kuchuma, kukausha, kuandaa na kutumia

Kwenye meza za dawa za asili katika masoko yetu ya Majengo na Sabasaba utakuta magome, mizizi iliyofungwa kwa kamba, vichupa vya mafuta, na zaidi ya yote, unga. Kuna wa kijani, wa kahawia na wa kijivu, umetiwa kwenye vifuko vidogo vilivyoandikwa jina la ugonjwa badala ya jina la mmea. Unga huo mimi siununui. Mitishamba naiamini na natumia nyumbani kwangu mwaka mzima, lakini jani likishasagwa hakuna tena anayeweza kulitambua kwa macho, wala kujua lilichumwa wapi, lilikaushwa vipi na lina umri gani. Mimea sita au saba unayoifahamu kuanzia mti mpaka kikombe inaifaa familia kuliko makumi ya vifuko usivyojua vilikotoka.

Haya ninayoandika yanamhusu mtu anayeishi Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa au Chemba, na hata jirani zetu wa Singida, maana hali ya hewa yetu inafanana: mvua za Desemba hadi Aprili, kisha ukame mrefu, upepo na vumbi. Hali hiyo ndiyo inayoamua uchume lini na ukaushe vipi.

Kabla ya yote: mitishamba inaishia wapi

Dawa ya nyumbani ni ya maradhi madogo: mafua, kikohozi cha siku chache, choo kigumu, tumbo kujaa gesi, ngozi kuwasha, kuungua kidogo jikoni. Zaidi ya hapo ni kituo cha afya.

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika chache, na ikiwa ni malaria, dawa yake ni mseto. Wapo wanaochemsha pakanga wakisema ndiko dawa ya mseto ilikotoka. Ni kweli artemisinini, kiini cha dawa ya mseto, hutokana na aina ya pakanga, na mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kikombe cha majani hakina kipimo kinachojulikana. Kinaweza kupunguza vimelea bila kuvimaliza, ukadhani umepona kumbe ugonjwa unajipanga upya. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa majani hayo.

Nenda hospitali pia ukiona mtoto hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, ana degedege, anapumua kwa shida, au choo kina damu. Kikohozi kilichofika wiki mbili ni cha kupimwa kifua kikuu, hata kama tangawizi inakupa nafuu. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chochote zaidi ya maziwa ya mama, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mtaalamu.

Kuhara kunahitaji maneno yake. Kinachoua kwenye kuhara ni kuishiwa maji. Mpe mgonjwa maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, na kwa mtoto vidonge vya zinki vinavyotolewa kituoni. Pakiti ikikosekana usiku, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa uangalifu, kwa sababu chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Hayo ni ya kuvushia usiku tu; asubuhi tafuta pakiti.

Hatua ya kwanza: chagua mimea yako

Anza na ile inayostawi hapa na ambayo wazee wa mtaani kwako wanaijua kwa jina. Hii ndiyo ninayoipendekeza.

Mbuyu uko kila mahali, kuanzia Mpwapwa mpaka Bahi, na tunda lake ni la kwanza kwenye orodha yangu. Unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C nyingi, gramu kwa gramu kuliko chungwa. Tafuta ubuyu wa asili, ule mweupe mkavu. Ule mwekundu uliopikwa na sukari na rangi ni peremende, usiuhesabu kama dawa. Kwa mtu mwenye mafua au aliyekosa hamu ya kula, weka vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga, chuja nyuzi, anywe. Ukitaka kuutia kwenye uji, subiri uji uepuliwe na upoe kiasi cha kunyweka, maana moto huharibu vitamini C. Hapa ndipo wengi wanapoupoteza ubuyu wao: wanauchemsha pamoja na unga wa uwele au mtama, kinachobaki ni uchachu tu. Majani machanga ya mbuyu nayo ni mboga nzuri ya mlenda.

Ukwaju ni wa choo kigumu. Loweka kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwenye glasi ya maji usiku, kamua, chuja, kunywa asubuhi. Ukizidisha utakimbia chooni, basi.

Mlonge ni mti wa kuupanda kwako mwenyewe. Unavumilia ukame wetu, unaota kwa mbegu au kwa tawi, na ukiukata kimo cha kiuno kila mwaka unachipua majani laini yasiyo magumu kuchuma. Majani yake ni chakula kwanza, dawa baadaye: yana protini, kalsiamu na vitamini A. Kijiko cha chai cha unga wa mlonge kwenye mboga au uji kwa siku kinatosha. Mizizi na magome yake usiguse, yana sumu na si salama hasa kwa mjamzito. Jambo jingine: majani ya mlonge yanaweza kushusha sukari na shinikizo la damu. Kwa anayemeza vidonge vya magonjwa hayo, mambo mawili yakishusha kwa pamoja anaweza kuanguka. Amwambie daktari wake kwanza.

Mwarobaini kila mtu anaujua, na kila mtu anautumia kupita kiasi. Mimi ninauthamini kwa ngozi. Kwa mtoto mwenye tetekuwanga anayejikuna usiku kucha, au mtu mzima anayewashwa na joto la Oktoba, chemsha konzi mbili za majani mabichi kwenye lita mbili za maji kwa dakika 15, acha yapoe kabisa, chuja, aogeshwe bila kusugua. Nafuu huonekana. Kuhusu kunywa, sishauri kwa mtoto, mjamzito, wala mwanamke anayetafuta ujauzito. Na mafuta ya mbegu za mwarobaini yasiingie kinywani mwa mtoto hata tone. Yameshasababisha degedege na vifo vya watoto wadogo katika nchi mbalimbali.

Shubiri ipandwe kwenye ndoo kuukuu karibu na mlango wa jikoni, maana ndiko moto uliko. Mtu akiungua, kwanza maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza, na hakuna jani linaloishinda. Kisha kata jani la shubiri chini kabisa, lisimamishe upande uliokatwa ukiwa chini kwa dakika 15 ili utomvu wa njano udondoke, lioshe, menya, paka ule ute mweupe tu. Utomvu wa njano ndio unaoendesha tumbo vikali na ndio hatari kwa mjamzito. Kuungua kwenye uso, kiungo cha mkono au sehemu za siri, au malengelenge makubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, ni hospitali. Shubiri za porini ziache porini. Karibu jamii yote ya shubiri mwitu imo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara yake, na porini kwetu zinang'olewa kuliko zinavyoota.

Vya kukamilisha ni vya sokoni: tangawizi, mchaichai, kitunguu saumu, na asali ya Manyoni au Singida. Asali inatuliza kikohozi cha usiku vizuri sana, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauviwezi.

Na mmoja wa kuutambua ili uukwepe ni mnyaa, ule wa uzio wenye vijiti vya kijani visivyo na majani. Maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kuondoa uoni. Wafundishe watoto, na ukiupunguza uzio funika macho.

Hatua ya pili: hakikisha jina

Mmea mmoja una majina matatu kwenye kijiji kimoja, na jina moja linaweza kubeba mimea mitatu. Uliza jina la Kigogo, Kirangi au Kisandawe kulingana na mahali ulipo, uliza la Kiswahili, kisha angalia jani, gome, ua na tunda. Vyote vinne visipokubaliana na ulichoambiwa, acha. Ukiwa bado na shaka, weka tawi lenye maua au matunda katikati ya magazeti, likandamize kwa kitu kizito likauke, umpelekee mtaalamu wa mimea. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapahapa, na maofisa misitu wa wilaya wanajua miti mingi kuliko tunavyodhani.

Mazungumzo ya sokoni mara nyingi huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Hii mizizi ni ya mti gani?"

"Hiyo ya tumbo."

"Mti wenyewe unaitwaje, mama?"

"Ni ya tumbo tu, inasaidia sana."

Mama huyo huenda ni mwaminifu kabisa, naye kaletewa na mtu aliyeletewa na mtu. Mshukuru, muage vizuri, uondoke.

Hatua ya tatu: chuma

Majani huchumwa asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Wakati mzuri ni kuanzia Februari hadi Aprili mimea ikiwa imeshiba maji na kabla haijaweka maua mengi. Mabuyu na ukwaju husubiri kiangazi. Buyu lililokomaa ukilitikisa unasikia vipande vikigongana ndani, na ganda lake linapaswa kuwa zima. Buyu lenye ufa limeshaingia wadudu au ukungu.

Usichume kando ya barabara kuu. Vumbi na moshi wa magari hukaa kwenye jani na havitoki vyote kwa kuosha. Usichume magugu chini ya mizabibu pia. Hapa ndipo Dodoma inatofautiana na mikoa mingine: mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi hupigwa dawa za ukungu mara kwa mara, na dawa hiyo inaangukia kila kinachoota chini. Majani yatakuwa mabichi na mazuri kwa macho, lakini yana sumu juu yake.

Kwa majani, chukua theluthi moja ya mti, uache mbili. Mizizi na magome mimi sichukui kwa dawa za nyumbani, kwa sababu dawa zote nilizotaja zinapatikana kwenye jani, tunda au tangawizi ya dukani. Ukilazimika kuchukua gome, chukua ukanda mwembamba wa wima upande mmoja tu. Mti ukizungushiwa kisu shina zima unakufa, na mkwaju uliokufa hutarudishiwa na mwanao wala mjukuu wako. Msitu wa hifadhi hauingiwi kuchuma bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na ardhi ya kijiji ina mwenyekiti, muombe.

Hatua ya nne: kausha, na hapa usiwe na haraka

Hewa ya Dodoma ni kavu kiasi kwamba wakausha dawa wa pwani wangetuonea wivu. Ndiyo maana inasikitisha kuona watu wanaanika mlonge juani, kwenye bati. Jua kali linaua vitamini A, linageuza jani kuwa la njano, linapeperusha harufu ya mchaichai. Tunachohitaji ni upepo, na upepo tunao bure.

Osha majani kwa maji safi, kung'uta, yatandaze safu moja kwenye ungo, mkeka safi au wavu, ndani ya chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana, au chini ya paa la baraza. Yainue kutoka sakafuni, hata kwa viti viwili, ili hewa ipite chini. Kuanzia Julai mpaka Oktoba vumbi ni jingi, basi funika kwa kipande cha chandarua kisichowekwa dawa au kanga nyepesi. Geuza asubuhi na jioni. Kiangazi mlonge unakauka siku tatu au nne; wakati wa mvua unaweza kuchukua zaidi ya wiki, na mimi nashauri wakati wa mvua uchume kidogo kidogo tu.

Jirani yangu mmoja wa Chamwino, mama mtu mzima aliyekaushia familia yake mlenda na majani ya kunde maisha yake yote, hapimi ukavu kwa kidole. Anatikisa ungo na kusikiliza. Majani yenye unyevu hayasemi kitu, yaliyokauka yanachakarika. Kisha anavunja kikonyo kimoja karibu na sikio. Kikikatika kwa mlio, tayari. Kikijipinda, kinarudi siku moja zaidi. Kikonyo ndicho cha kupima, kwa sababu jani hukauka mapema na kukudanganya huku maji yamebaki kwenye kikonyo.

Kwa nini tusumbuke hivi kwa unyevu kidogo? Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Fangasi wanaotoa sumu hiyo hawachagui kati ya mahindi na dawa. Wanapenda kitu chochote kilichohifadhiwa kikiwa na unyevu. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Ukifungua chombo ukakutana na harufu ya uvundo, madoa ya kijivu au majani yaliyoshikana, tupa vyote, wala usichambue yale yanayoonekana mazima.

Hatua ya tano: hifadhi na andika

Hifadhi jani zima, saga unapohitaji. Jani zima hukaa mwaka mmoja kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, mbali na mwanga na mbali na jiko. Unga hupoteza nguvu ndani ya miezi michache. Kila chombo kiwe na karatasi yenye jina la mmea, sehemu iliyotumika, mahali ulipochuma, na mwezi na mwaka. Mvua mpya zikija, mzigo wa zamani unakwenda kwenye mbolea.

Weka mahali watoto hawafiki. Chupa za soda zilizojazwa dawa za kunywa ni hatari kubwa nyumbani.

Hatua ya sita: andaa

Maji kwanza. Baadhi ya visima vya kanda yetu vina chumvi, na sehemu za Singida na Shinyanga zina floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kinyume chake, ukichemsha dawa mpaka maji yapungue nusu, unaikusanya kwenye kile unachokwenda kunywa. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi au maji ya kunywa unayoyajua.

Chombo nacho kina maana yake. Ukwaju, ndimu na ubuyu vina tindikali, na sufuria ya aluminiamu haivifai. Tumia chungu, bakuli la kioo au sufuria ya chuma kisichoshika kutu.

Namna za kuandaa ni tatu. Matunda yenye uchachu hulowekwa kwenye maji baridi au ya uvuguvugu. Majani laini, kwa mfano mchaichai, humiminiwa maji yaliyochemka: kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kikombe, funika kwa kisahani dakika 10. Kufunika ni lazima, kwa sababu ule mvuke unaonukia ndio dawa yenyewe inayotoroka. Vitu vigumu, yaani tangawizi na magome, huchemshwa kwa moto mdogo dakika 20. Kwa kikohozi cha kawaida, ponda tangawizi ya urefu wa kidole kimoja, chemsha kwenye vikombe viwili vya maji, tia mchaichai mwishoni, epua, acha ipungue moto, ndipo uweke asali. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja usiku kwa siku tatu. Bila nafuu, ukapimwe.

Ulichoandaa leo kinywewe leo. Joto letu halisamehe. Dawa ya majani iliyolala mpaka kesho kutwa ina vijidudu kuliko dawa.

Malhamu ya ngozi inadumu zaidi. Chukua kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma hatuyakosi, tia nusu kikombe cha majani ya mwarobaini yaliyokauka kabisa. Weka bakuli hilo juu ya sufuria yenye maji yanayotokota polepole kwa saa mbili, mafuta yasichemke. Chuja kwa kitambaa safi. Rudisha kwenye joto, ongeza robo kikombe ya nta ya nyuki iliyokwanguliwa, koroga iyeyuke, mimina kwenye vikopo vilivyochemshwa na kukauka. Majani yakiwa na unyevu hata kidogo, malhamu itaota ukungu. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ngoja siku moja, kama hakuna wekundu tumia kwenye miguu iliyopasuka na ngozi kavu. Usipake kwenye kidonda kilicho wazi.

Na macho yaacheni. Kanda yetu, hasa Kongwa, inajulikana kwa trakoma, na bado kuna watu wanaokamulia utomvu wa majani kwenye jicho jekundu. Utomvu huo huchoma kioo cha jicho na kuacha kovu jeupe. Jicho linahitaji uso kuoshwa kwa maji safi na dawa ya kituo cha afya.

Mwani kutoka pwani

Siku hizi unga, sabuni na mafuta ya mwani vinafika hadi huku bara, na maswali ni mengi. Mwani unaolimwa Zanzibar tangu mwaka 1989, kwa sehemu kubwa na wanawake wa vijiji kama Paje na Jambiani, ni wa aina mbili ambazo wakulima wenyewe huziita spinosum na cottonii. Nje ya nchi hutafutwa kwa ajili ya karajinani, kitu kinachogandisha vyakula na dawa ya meno. Cottonii ina bei nzuri zaidi lakini haivumilii maji ya bahari yanayozidi kupata joto, ndiyo maana unaouona zaidi ni spinosum.

Nunua mwani mzima uliokaushwa, si unga, kwa sababu ileile ya majani. Usuuze mara nne au tano kuondoa mchanga na chumvi, uloweke usiku kucha ukibadilisha maji mara mbili, kisha uchemshe kwa moto mdogo kwenye maji ya kuufunika mpaka uyeyuke, chuja, acha ugande. Kijiko kimoja au viwili vya ute huo kwenye juisi ya ubuyu husaidia choo na hutuliza tumbo, kazi ambayo mlenda wetu nao huifanya kwa bei ya chini. Kwenye ngozi, ute wa mwani unalainisha vizuri, na sabuni yake ni nzuri kwa ngozi inayopasuka kwa upepo wa Juni na Julai.

Lakini wauzaji wanaposema mwani ni dawa ya rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, hapo nasimama. Ni kweli rovu nyingi za bara zilitokana na ukosefu wa madini joto, na mwani una madini joto. Tatizo ni kwamba kiasi chake hubadilika mno kati ya aina na aina, na madini joto yakizidi yanaivuruga tezi ileile unayotaka kuiponya. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 kwa siku, na chumvi yenye madini joto ukiinunua kwenye pakiti, ukaifunga vizuri na kuitia chakula kikikaribia kuiva, inatosha. Mwenye rovu tayari, anayemeza dawa za tezi, mjamzito, na mwenye shinikizo la damu anayeepuka chumvi, waongee na daktari kabla ya kula mwani.

Nani awe mwangalifu zaidi

Mjamzito asinywe dawa ya mitishamba, isipokuwa chakula cha kawaida. Dawa za kuongeza uchungu wanazopewa baadhi ya akina mama kuelekea kujifungua ni hatari kuliko zote nilizowahi kuzisikia, maana zinaweza kupasua kizazi, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Mama mkwe anayeshauri hivyo hana nia mbaya. Aelezwe kwa heshima, na mume asimame upande wa mkewe.

Anayetumia dawa za VVU, kifua kikuu, sukari, presha au kifafa asiziache kwa ajili ya jani lolote, na amtajie daktari kila anachokunywa. Kitunguu saumu kwa wingi huzuia damu kuganda, kwa hiyo mtu anayesubiri upasuaji alitaje hilo mapema.

Ukilazimika kununua au kumwendea mganga

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linasajili waganga, vituo na dawa. Omba kuona cheti cha usajili. Aliye nacho huwa hakifichi. Kwenye kifungashio tafuta jina la mmea, mtengenezaji, tarehe ya kuisha na namba ya usajili. Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili imekuwa ikichunguza mimea yetu tangu ilipoanza kama kitengo mwaka 1974, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba dawa za asili hazipimiki.

Dawa moja inayodai kutibu sukari, presha, saratani na nguvu za kiume kwa pamoja, usinunue. Unga unaoondoa maumivu kwa dakika chache uutilie shaka zaidi, kwani kuna wanaochanganya vidonge vya hospitali ndani yake bila kukuambia.

Mtu akidhurika

Kutapika kusikokoma, midomo kuvimba, kupumua kwa shida, usingizi usio wa kawaida, macho kuwa ya njano au mkojo kuwa mweusi: acha dawa hiyo papo hapo na uelekee hospitali. Usimtapishe mgonjwa, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Kama ni utomvu jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya kuondoka. Chukua chombo cha dawa yenyewe na ile karatasi uliyoiandika, pamoja na tawi la mmea kama lipo, umkabidhi daktari. Mwambie mgonjwa alikunywa kiasi gani, na saa ngapi.